Wanadaiwa Kiasi Gani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, na ninyi vijana mnaoandika filamu usiku baada ya kumaliza kazi za watu mchana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie filamu za aina moja tu: zile zinazoichukua familia ya wafanyakazi wa kipato kidogo, zikataka tuicheke kidogo, tuilie kidogo, kisha tuondoke ukumbini na moyo mwepesi. Mwenyekiti ameongeza kwamba nisiwe mpole. Hilo hakuwa na haja ya kuliomba.

Sitawatajia jina la filamu moja iliyonikera. Ninayotaka kuizungumzia mmeshaiona wote, ila kila mmoja wenu aliiona kwa jina lake. Niruhusuni niisimulie. Baba amepunguzwa kazi kiwandani. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza nini? Hatuambiwi. Mama ana kazi mbili, na zote mbili tunazijua kwa sare tu: anavua aproni, anavaa koti, anakimbilia basi. Kuna kijana wa kiume mwenye hasira na binti mwenye kipaji. Kuna bibi anayetukana, maana waandishi wengi wameshaamini kwamba mzee akitamka tusi ukumbi hauna budi kucheka. Kuna mtoto mdogo ambaye kazi yake ni kuuliza swali linalochoma wakati watu wanakula. Dakika ya ishirini, umeme unakatwa. Dakika ya hamsini, baba na mama wanagombana jikoni kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, na watoto wameketi kwenye ngazi wanasikia kila neno. Dakika ya themanini linatokea jambo: shindano la kuimba, tiketi ya bahati nasibu, au mjomba tajiri amefariki bila mrithi. Gitaa linapigwa taratibu. Watu wanakumbatiana. Taa zinawashwa.

Tukitoka hatusemi kwamba filamu ni mbaya. Tunasema "si mbaya," na mnajua wenyewe neno hilo lina ubaridi gani. Waigizaji walijitahidi. Picha zilikuwa safi. Lakini kabla hujafika mlangoni umeshasahau baba aliitwa nani.

Wahakiki wana maelezo yao. Wanapenda kusema kwamba filamu kama hiyo imeshindwa kuamua: ilitaka kuwa kichekesho, ikataka kuwa tanzia, ikaangukia katikati. Mimi maelezo hayo siyakubali. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa The Kid, na kwenye maandishi ya mwanzo kabisa aliwaahidi watazamaji tabasamu, na huenda na chozi. Akatimiza vyote viwili ndani ya filamu moja isiyo na sauti. Kijitoto kinatangulia mtaani kinavunja vioo vya madirisha kwa mawe, halafu baba yake wa kufikia anapita "kwa bahati" akiwa amebeba vioo mgongoni, fundi anayetafuta kazi. Ni ulaghai, ni biashara ya familia, na ni njaa. Vyote vimo kwenye tukio moja na hakuna anayeuliza kama acheke au ahuzunike. Chaplin aliyajua hayo kabla hajajua kamera ni nini: mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka saba, aliingizwa yeye, mama yake na kaka yake katika nyumba ya kulelea maskini ya Lambeth, London. Maofisa wanaokuja kumchukua mtoto kwenye filamu ile hakuwaokota hewani.

Kwa hiyo kicheko na kilio vinakaa pamoja bila shida. Tatizo liko kwingine. Nikitazama filamu ya namna hii huwa na daftari mapajani, na swali la kwanza ninaloliandika ni hili: wanadaiwa kiasi gani? Wanadaiwa na nani? Na siku ya kulipa ni lini? Mara nyingi taa zinawashwa sijapata jibu, na pale ndipo ninapojua kwa nini nimetoka mtupu.

Muulizeni mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba ambayo mapato hayatoshi. Atakutajia nambari. Anajua kodi ni kiasi gani na imebaki kiasi gani. Anajua bili ipi inavumilia na ipi haivumilii, na ni mdai yupi ana haya na yupi atapiga simu hadi kazini kwako. Umaskini wa watu wanaofanya kazi ni hesabu inayopigwa kichwani kila saa, na wanaopiga hesabu hiyo ndio wenye mzaha mkali kuliko watu wote, kwa sababu upuuzi wa zile nambari wanauona wao kwanza. Ukiitoa hesabu kwenye filamu umetoa kichekesho na umetoa tanzia kwa mkupuo mmoja. Kinachobaki ni chumba chenye mwanga hafifu na lile gitaa.

Sasa niwape mfano wa kazi iliyofanywa vizuri, na nitakaa nao kidogo kwa sababu umebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema. Mwaka 1993 Ken Loach aliongoza filamu iitwayo Raining Stones, iliyoandikwa na Jim Allen, kuhusu mtaa wa wafanyakazi karibu na Manchester, Uingereza. Ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Bob hana kazi. Binti yake mdogo anakaribia Komunyo ya Kwanza, na Bob ameazimia kumnunulia gauni jipya jeupe. Basi, ndiyo filamu yote hiyo. Padri mwenyewe anamwambia kwamba gauni la kuazima lipo, hakuna atakayejua. Bob anakataa. Mtu mwenye shibe anaweza kumwona mpumbavu. Mtu aliyewahi kumvalisha mtoto nguo ya kuazima mbele ya watu anamwelewa bila kuhitaji maelezo.

Filamu inaanza na Bob na rafiki yake Tommy wakiiba kondoo milimani. Wanamkimbiza kwenye matope, wanamkamata, na wakishamkamata wanagundua kwamba hakuna hata mmoja mwenye moyo wa kumchinja. Wanampeleka kwa mwuza nyama. Mwuza nyama anamtazama anawaambia nyama ya kondoo mzee haina soko, watu wanataka ya mwanakondoo. Kwa hiyo wezi wetu wanaingia baa kuuza vipande kwa mkono, na wakiwa humo, gari la Bob linaibiwa nje. Ukumbi unacheka mpaka unashika mbavu. Lakini angalieni kilichotokea kwenye daftari: asubuhi Bob alikuwa na gari na hana fedha, jioni hana gari na ana vijisenti vya nyama mbaya. Tumecheka huku tunatoa na kujumlisha. Kuanzia hapo kila jaribio la Bob tunalipima kwa gauni lile. Anazunguka akizibua mitaro ya watu, na ya kanisa anaizibua bure akarudi kanuka. Anashika ulinzi kwenye klabu ya usiku, kazi haimkai. Na mwisho anakopa. Mkopo unapokuwa umeuzwa kwa mtu mwingine, mtu mwenye mikono mizito, anayeingia nyumbani Bob akiwa hayupo na kumkuta mke na mtoto, kicheko kinakatika kooni. Mwongozaji hakubadilisha muziki wala taa kutujulisha kwamba sasa tumeingia sehemu ya huzuni. Ni deni lilelile, limekua tu.

Linganisheni na familia yetu ya gitaa. Umeme ulikatwa dakika ya ishirini. Ulirudi lini, na nani alilipa? Tukio linalofuata taa zinawaka. Mwandishi alihitaji giza kwa ajili ya tukio zuri la mishumaa, akalipata, akaendelea na safari. Mtazamaji aliyewahi kukatiwa umeme analiona hilo mara moja, na tangu hapo anaacha kuiamini filamu, hata kama hawezi kukwambia ni lini hasa aliacha.

The Full Monty ya mwaka 1997 nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua: mafundi wa chuma wa Sheffield waliopoteza kazi wanaamua kucheza dansi ya kuvua nguo mbele ya wanawake. Ukiisikia hivyo unadhani ni upuuzi mtupu. Lakini ule upuuzi umetundikwa kwenye misumari. Gaz hajalipa matunzo ya mtoto, na asipolipa anapoteza haki ya kukaa na mwanawe. Gerald, aliyekuwa msimamizi wao, amefutwa kazi miezi sita na mkewe hajui. Kila asubuhi anavaa tai anaondoka, na mke anaendelea kununua vitu kwa mkopo. Madalali wanapokuja kubeba televisheni, wanawakuta sebuleni wanaume wazima wakiwa na chupi tu wanafanya mazoezi, na wanaondoka mbio. Ni tukio la kuchekesha sana, na ni tukio la madalali. Halafu kuna lile la mtoto. Ukumbi wa klabu unataka amana ya pauni 100. Gaz hana. Nathan, mwanawe, anaingia posta, anatoa akiba yake mwenyewe. Baba anajaribu kumzuia, mtoto anamwambia: ulisema utanirudishia, nakuamini. Na Gaz anashangaa kusikia kwamba kuna mtu duniani anayemwamini. Jaribuni kuliandika tukio hilo bila pauni 100. Andikeni "mtoto anampa baba akiba yake." Limekufa.

Nani aigize? Hapa wazalishaji wananikasirisha zaidi. Wanamchukua nyota mwenye meno kama lulu, wanampaka uchafu kidogo mashavuni, wanamvalisha fulana iliyochakazwa na watu wa mavazi, wanatwambia huyu amebeba mizigo miaka ishirini. Anashika nyundo kama anavyoshika maikrofoni. Vittorio De Sica alipokuwa anatafuta fedha za filamu yake ya mwizi wa baiskeli, iliyotoka Italia mwaka 1948, mzalishaji wa Marekani David O. Selznick alikuwa tayari kutoa, ila baba achezwe na Cary Grant. De Sica alikataa. Alimchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi halisi wa kiwandani, ambaye hakuwa mwigizaji. Mwendo wake peke yake unakwambia mtu huyu amesimama foleni ngapi. Na kwa kuwa tunazungumza hesabu, niwaambie pia upande mchungu: baada ya filamu kusifiwa dunia nzima, Maggiorani alirudi kiwandani, na kazi ikapunguzwa, naye akawa miongoni mwa walioachishwa. Filamu kuhusu mtu asiye na kazi ilimwacha mwigizaji wake bila kazi. Hilo nalo linapaswa kutuumiza sisi tunaopenda kusema "tumetumia watu halisi."

Katika filamu hiyohiyo mama anavua shuka kitandani, shuka za mahari yake, anazipeleka rehani ili baiskeli ya mumewe ikombolewe. Kamera inamfuata karani akipanda rafu zilizojaa mafurushi ya shuka za watu wengine, juu, juu, mpaka karibu na dari. Hakuna aliyesema "mji mzima una njaa." Na baadaye, baba amemchapa mwanawe Bruno kofi kwa uchungu na anataka kumfuta machozi, anamwingiza mgahawani ambako hawana uwezo wa kula. Meza ya jirani yupo mtoto wa matajiri anavuta jibini inarefuka kama uzi, na Bruno anamwibia macho huku anajaribu kuivuta ya kwake. Tunacheka. Halafu baba anaanza kuhesabu kwa sauti mshahara ambao angeupata kwa mwezi laiti baiskeli isingeibwa. Anapiga hesabu ya fedha ambazo hazipo, mbele ya sahani ambazo lazima azilipie. Mimi sijui tukio la mgahawani lililowahi kulishinda hilo.

Ricky Tomlinson, yule aliyemcheza Tommy kwenye filamu ya kondoo, alikuwa fundi wa kupiga lipu kabla ya kuwa mwigizaji, na alifungwa mwaka 1973 kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi wa ujenzi. Hukumu hiyo ilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021. Na Loach alipotengeneza I, Daniel Blake mwaka 2016, filamu yenye uchungu usio na kifani juu ya seremala mgonjwa anayenyimwa posho, mtu aliyemweka mbele ya kamera, Dave Johns, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Tafakarini uchaguzi huo. Mchekeshaji anajua kusubiri. Anajua sekunde ya ukimya ina uzito gani. Kwenye simu na ofisi ya posho, sekunde hiyo ndiyo filamu yenyewe.

Sisemi kwamba lazima uwe umezaliwa na njaa ndipo uandike njaa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hawakusema hawezi kwenda kuuliza. Preston Sturges alilifanyia utani jambo hili mwaka 1941 katika Sullivan's Travels: mwongozaji tajiri wa vichekesho anataka kutengeneza filamu nzito kuhusu mateso ya watu, basi anachukua matambara kutoka stoo ya mavazi ya studio anakwenda kuwa maskini, huku nyuma yake linamfuata gari kubwa la kampuni lenye mpishi na daktari. Nusu ya filamu ninazozilalamikia zimetengenezwa kutoka ndani ya gari lile. Mwisho wa hadithi ya Sturges, Sullivan anawaona wafungwa wakicheka katuni na anaamua kwamba watu wenye dhiki wanahitaji vichekesho. Wengi wanaunukuu mwisho huo kama ruhusa ya kutengeneza chochote. Mimi naona wanaruka jambo dogo: Sullivan hakulijua hilo mpaka alipofungwa kweli, gari halipo, daktari hayupo, na hakuna anayejua yeye ni nani.

Njia ya mkato ipo hata kwa asiyetaka kufungwa. Ionyesheni kazi. Simaanishi sare, namaanisha kazi yenyewe: mikono inafanya nini, analipwa kwa saa au kwa kipande, akikosea anakatwa nini. Bong Joon-ho wa Korea Kusini aliijua siri hiyo. Parasite, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2019, inaanza na familia nzima sakafuni inakunja maboksi ya piza, na gari la kupuliza dawa ya wadudu linapopita barabarani wanaacha dirisha wazi ili wapate dawa ya bure. Moshi unajaa chumba, wote wanakohoa, baba anaendelea kukunja. Halafu anakuja msimamizi, anayapekua maboksi, anakataa yaliyopinda, anataka kukata malipo. Dakika chache tu, na unajua kila kitu kuhusu familia hii: werevu wao, uvivu wao kidogo, na kwamba ukali wa maisha umewafundisha kubishania senti moja moja. Mwaka mmoja kabla yake, Hirokazu Kore-eda wa Japani alishinda tuzo hiyohiyo kwa Shoplifters. Mna tukio pale la wanawake wawili wa kiwanda cha kufulia nguo. Kampuni haiwezi kuwabakiza wote, kwa hiyo bosi anawaambia wajadiliane wenyewe nani aondoke. Wajadiliane wenyewe! Hakuna jambazi, hakuna kelele, bosi ni mpole na anaomba radhi. Ukatili wa namna hiyo mwandishi haupati kwa kufikiri mezani. Unaupata kwa kumuuliza mtu aliyefanya kazi mahali kama hapo siku ya mwisho ilikwendaje.

Sasa nimrudie yule bibi anayetukana. Kicheko kina mwelekeo, na watazamaji wanaujua hata kama hawautaji. Kuna kicheko cha kumcheka maskini kwa sababu ni maskini: meno yake, lafudhi yake, pambo la plastiki juu ya televisheni, namna anavyokula akialikwa kwa wakubwa. Tusiwasingizie watu wa sinema peke yao. Sisi wenyewe tuna methali isemayo maskini akipata matako hulia mbwata, na tukiisema tunacheka, na aliye karibu nasi ambaye ndio kwanza amepata kiti kipya anajikunyata. Kicheko hicho ni rahisi na hakina gharama, ndiyo maana filamu dhaifu zinakijaza nusu ya kwanza. Halafu nusu ya pili zinatuomba tuwalilie watu walewale. Hatuwezi. Umenifundisha saa nzima kumtazama bibi huyu kutoka juu, sasa unataka nimwone kutoka usawa wa macho kwa sababu amelazwa hospitali. Huruma inayopatikana kwa njia hiyo ni huruma ya mtu anayepunga mkono kutoka ndani ya gari.

Mwelekeo wa pili ni wa wahusika wenyewe kuicheka hali yao. Katika tamthilia ya televisheni ya Marekani ya Roseanne, iliyoanza mwaka 1988, mume na mke wanahangaika na biashara ndogo ya pikipiki inayozama. Siku moja nyumba inaingia giza ghafla, umeme umekatwa. Kimya kidogo, kisha inasikika sauti gizani ikisema kwamba, haya basi, kuwa tabaka la kati kulikuwa kutamu. Ni giza lilelile la dakika ya ishirini la filamu yetu. Tofauti ni kwamba hapa mzaha ni wa mwenye nyumba, na ndani yake kuna hesabu yote ya miezi iliyopita.

Na kwa kuwa nimeitaja Roseanne, niseme pia ilivyojiharibia, kwa sababu sijaona mfano ulio wazi kuliko huo. Msimu wa tisa, uliorushwa mwaka 1996 hadi 1997, familia ile ikashinda bahati nasibu ya dola milioni 108. Watu walioipenda kwa miaka minane waliona kitu kimevunjika. Mama aliyekuwa na jibu kwa kila bili hakuwa tena na bili, kwa hiyo hakuwa tena na jibu. Vichekesho vikawa vya matajiri na safari za kifahari, ambavyo vipo kila mahali. Kipindi cha mwisho kilipofika, waandishi wakafichua kwamba ushindi ule haukuwahi kutokea: mama aliuandika mwenyewe, baada ya mumewe kufa kwa ugonjwa wa moyo. Wapo wanaouchukia mwisho huo. Mimi nauheshimu. Naona ni mara ya kwanza kwa hadithi ya bahati nasibu kukiri inatoka wapi. Lakini ulikuja umechelewa msimu mzima.

Mtaniuliza, basi tumalizeje? Watu wamelipa kiingilio, tuwapeleke nyumbani na jeneza? Hapana. Loach, anayesemwa kuwa ni mtu wa huzuni, alimaliza Raining Stones kwa njia ambayo ningependa kila mwandishi hapa aisome mara mbili. Mkopeshaji amekufa kwenye ajali ya gari baada ya Bob kumvamia. Bob amekwenda kwa padri kuungama, tayari kujisalimisha. Padri anakichukua kile kitabu cha wadaiwa, chenye majina ya mtaa mzima, anakichoma. Siku ya Komunyo inafika, binti amevaa gauni lake jeupe, na polisi wanatokea. Roho inatutoka. Kumbe wamekuja kusema kwamba gari lake lililoibiwa limepatikana! Tunacheka kwa sababu tumepumua. Ni mwisho wa furaha, kila senti yake imelipiwa, na bado Bob hana kazi. The Full Monty nayo inamalizia picha ikiganda pale wanaume wanapotupa kofia, mgongo kwetu. Usiku mmoja tu. Gerald amepata kazi, lakini kiwanda hakikufunguliwa. Filamu haikuahidi zaidi ya hapo.

Najua wazalishaji watawaambia nini, kwa sababu wameshaniambia mimi: watu hawatoki nyumbani kwenda kutazama madeni, wanayo ya kwao. Wajibuni kwa lugha wanayoipenda. The Full Monty ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3.5 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Parasite ilichukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo, na watu walijipanga foleni kuitazama katika nchi ambako hakuna aliyewahi kuishi nyumba ya chini ya ardhi ya Seoul. Mwenye deni haogopi kuona deni kwenye skrini. Anachokimbia ni kuona deni lililoandikwa na mtu asiyejua kuhesabu.

Nimeambiwa kuna miswada kumi na kitu hapa mezani ambayo tutaisoma pamoja kesho asubuhi, na karibu nusu yake inahusu familia za namna hii. Nina ombi moja kabla hatujaanza. Leo usiku msiguse majibizano, msiguse mwisho. Chukueni karatasi moja, muandike mapato ya familia yenu kwa mwezi, kila deni na jina la mdai, tarehe ya kila malipo, na nani ndani ya nyumba anajua nini na nani anafichwa. Mkiona nambari zinajitosheleza vizuri, kuna kitu mmekisahau. Karatasi hiyo ije juu ya muswada, nami nitaisoma kwanza.

Maikrofoni iko kwa kijana pale nyuma. Mwenye swali anyooshe mkono.